Hita ya Noah, mara moto mara baridi: shajara ya kutafuta chanzo, Tabora

Jumamosi

Naandika hapa kila ninachopima kwenye hii gari, maana kichwani vitu vinachanganyikana na fundi akiniuliza ilianza lini na ilikuwaje nataka nimjibu vitu vya uhakika, sio hisia.

Gari ni Toyota Noah ile ya zamani, SR40, petroli, injini 3S-FE ya lita mbili. Wanaozijua wanajua injini imekaa chini ya siti za mbele, rejeta iko mbele kabisa puani chini ya ile boneti ndogo, alafu kuna hita mbili, moja kwenye dashibodi na nyingine ya abiria wa nyuma, na maji ya hiyo ya nyuma yanasafiri kwa mabomba yanayopita chini ya bodi.

Shida ni hivi. Unawasha hita, injini ikishapata joto inapiga moto safi kabisa, ukisimama kidogo, tuseme pale Ipuli unasubiri bodaboda na bajaji wapite, inageuka baridi kama vile umezima, ukiondoka na kukanyaga mafuta joto linarudi. Mwendo mrefu nao una vituko vyake, inapiga moto kilomita kadhaa, inakata, inarudi yenyewe. Geji ya temprecha kwenye dashi imetulia katikati muda wote, haijapanda hata siku moja, na hapo ndo watu wengi wangesema basi achana nayo, injini nzima, hita sio kitu.

Na kweli nimeshaulizwa na kila anayeniona nimeinua siti, Tabora hita ya nini? Jamani, sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai alfajiri huku ni sweta, anayetoka saa kumi na moja kwenda Nzega anajua. Mvua zikianza, ukungu wa kioo cha mbele unaondoka haraka kwa hita na AC kwa pamoja kuliko kwa kitambaa. Na mimi nina sababu ya tatu, mama yangu ana maumivu ya viungo na kila mwaka kipupwe kikiingia lazima nimpeleke Mbeya kwa dada yake, tunapita Sikonge, Ipole, Rungwa, Chunya, na ile milima ya kutoka Chunya kuingia Mbeya mwezi wa saba haina mchezo. Mama anakaa siti ya nyuma. Hiyo hita ya nyuma ni yake.

Lakini hata nisingekuwa na safari ningelifuatilia hili jambo, maana hita haitengenezi moto wake, inaazima moto wa maji ya injini. Ile iliyoko ndani ya dashibodi ni rejeta ndogo tu, maji ya moto yanapita ndani, feni inapuliza hewa juu yake. Kwahiyo hita ikipiga moto na baridi kwa zamu inakwambia kwamba maji ya injini mara yanafika pale mara hayafiki, na injini isiyo na mtiririko wa maji unaoeleweka ndo ile tunayokuja kuikuta imesimama pembeni ya barabara boneti juu na gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua. Mi naichukulia hiyo hita kama kipimo cha maji, tena inatoa taarifa mapema kuliko geji.

Jumapili

Asubuhi kabla injini haijawashwa, imelala usiku kucha, nimeanza na kitu cha bure, kuangalia maji. Na nasisitiza injini iwe baridi kabisa, ule mfuniko wa rejeta ukiufungua injini ikiwa na moto maji yanaruka na yanaunguza sura, watu wameumia kweli.

Tenki la akiba, lile la plastiki, liko kwenye alama ya juu, FULL. Safi. Ila nilipofungua mfuniko wa rejeta yenyewe, maji sikuyaona. Nimetumbukiza kidole sikufika. Nimejaza taratibu na zimeingia kama lita moja na nusu ndo yakaonekana shingoni.

Hapo pana jambo na nimekaa nalo sana leo. Mfumo ukiwa mzima, injini ikipata moto maji yanatanuka, yanausukuma mfuniko wa rejeta na ziada inakwenda kwenye tenki la akiba, injini ikipoa ndani kunakuwa na mvuto, kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kinafunguka na maji yananyonywa kurudi. Sasa rejeta ina upungufu wa lita moja na nusu na tenki limejaa pomoni, maana yake maji yanakwenda ila hayarudi. Ama mfuniko umekufa, ama ule mpira mwembamba wa kwenda tenki una tundu, ama kuna sehemu nyingine kwenye mfumo inayonyonya hewa injini inapopoa, na hewa kwa sababu ni nyepesi inaingia kirahisi kuliko maji kuvutwa kutoka tenkini.

Nimeona madereva wengi kila asubuhi wanachungulia tenki la plastiki wanasema maji yapo, wanaondoka. Tafadhali ndugu zangu, fungua na rejeta yenyewe, angalau mara moja kwa wiki, ikiwa baridi.

Nimeiwasha baada ya kujaza, hita imepiga moto bila kukata mjini kote, Kitete, Cheyo, mpaka stendi na kurudi. Sijaitangaza kuwa imepona. Maji yaliyopungua yana mahali yalikopita na hapo sijapajua bado.

Jumanne jioni

Imerudi kama ilivyotarajiwa. Baridi ukisimama, moto ukikanyaga.

Nimeazima kile kipima joto cha bunduki kwa jamaa anayetengeneza mafriji. Angalizo, sio zile bunduki za kupima watu homa kipindi cha korona, zile zinasoma kwenye joto la mwili tu, hapa unahitaji ya viwandani inayofika angalau nyuzi 150. Gari yangu ni ya umri wa kabla ya vile vidude vya kuchomeka na kusoma kila kitu kwenye simu, kwahiyo bunduki na mkono ndo kompyuta yenyewe.

Nimeinua siti ya abiria, nikaifuata mipira miwili ya hita ya mbele, mmoja unapeleka maji, mwingine unarudisha. Injini imeshapata moto, hita imefunguliwa mwisho kwenye nyekundu. Gari imesimama inanguruma taratibu: mpira wa kupeleka nyuzi 81, wa kurudisha 37. Nimemwambia mdogo wangu akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika aishikilie hapo, ndani ya dakika moja wa kurudisha umepanda mpaka 70. Ameachia, ukaanza kushuka tena.

Hii inasema mengi. Mipira yote miwili ingekuwa na moto sawa na bado hewa ni baridi, ningehamia kwenye dashibodi, kuangalia kebo ya kitasa na ule mlango wa ndani unaochanganya hewa ya moto na ya baridi. Yote miwili ingekuwa vuguvugu hata injini ikitembea muda mrefu, ningeshuku thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto, imekwama wazi. Mmoja moto mmoja baridi muda wote hata ukikanyaga, rejeta ya hita imeziba. Hii yangu inafuata mzunguko wa injini, pampu ya maji (wota pampu) ikizungushwa kwa nguvu maji yanapita, ikitulia hayapiti. Hiyo ni hewa iliyonasa juu kwenye hita, ama pampu imechoka mapanga yake, ama vyote. Hita iko juu na hewa inapenda juu, pampu ikiwa inazunguka taratibu haina nguvu ya kuisukuma hiyo hewa itoke.

Na geji ya dashi kutulia pia nimeipatia jibu linalonitia wasiwasi zaidi kuliko kunifariji. Ile sensa inapima kitu kinachoigusa. Ikizungukwa na maji inakupa joto la maji, ikibaki kwenye hewa inaweza kukuonyesha sindano imetulia au hata imeshuka wakati chuma kinaungua.

Alhamisi

Nimekwenda gereji ya jirani kuomba ushauri, nimepata ushauri wa aina mbili na yote nimeikataa kwa heshima.

Wa kwanza, "toa thamostati, huku kwetu joto, haina kazi." Hii imekuwa kama dini hapa mjini. Thamostati ina kazi hata jangwani. Inaishikilia injini kwenye joto lake la kazi, bila hiyo injini inatembea na ubaridi, inakula mafuta, oili haipati joto la kukausha unyevu, na hita ndo haitapata moto kabisa ukiwa barabarani maana upepo unaipoza rejeta kuliko inavyohitajika. Alafu kuna Toyota nyingi ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili kwa chini, injini ikipata moto kile kisahani kinaziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji yanazunguka ndani kwa ndani bila kupoozwa, na gari uliyoitoa thamostati isichemshe inaanza kuchemsha kwenye kilima.

Wa pili, "ziba hiyo mipira ya hita, uunganishe kwa kipande cha bomba, umemaliza." Kweli ukiunganisha hita itaacha kusumbua kwa sababu hutakuwa na hita, ila yale maji yanayopotea yataendelea kupotea na hutakuwa tena na kitu cha kukwambia.

Jioni nimeitoa thamostati, ila kwa ajili ya kuipima. Imegongwa 82. Nimeichemsha kwenye sufuria pamoja na kipima joto, nimeining'iniza kwa uzi isiguse chini. Imeanza kuachia kwenye 81 na kitu, ikaendelea kufunguka vizuri mpaka maji yanachemka, na nilipoitoa imefunga bila kukwama. Nzima. Kwa wanaopima huku kwetu, msishangae kipima joto kikigoma kufika 100, kwenye mwinuko wa Tabora maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Na hiyo 96 ndo iliyonifanya niuangalie mfuniko wa rejeta kwa jicho lingine. Injini yenyewe inatembea kati ya 85 na 95. Yaani maji matupu yasiyo na presha hapa Tabora yako karibu sana na kuchemka muda wote injini ikifanya kazi. Kinachotuokoa ni mfuniko, ule umeandikwa 0.9, maana yake unashikilia presha ya karibu bar 0.9 juu ya ile ya hewa ya nje, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yapite 115 hivi. Presha ikivuja kidogo tu, zile sehemu zenye moto mkali ndani ya hedi zinaanza kutoa mvuke, mvuke unakimbilia juu, na juu ni kwenye hita. Unahisi ubaridi kwenye vidole vyako kumbe ndani ya hedi kuna maji yanachemka. Pale kwenye mwendo mrefu hita ikikata yenyewe na kurudi yenyewe, nadhani ndo hiyo.

Nimeirudisha thamostati na gasketi mpya. Ile pini ndogo inayochezacheza pembeni yake iangalie juu kabisa, hapo ndo hewa inapopitia wakati wa kujaza maji, ukiiweka chini unajitengenezea tatizo lilelile unalolitafuta.

Jumamosi, gereji ya mzee Ng'ambo

Nimempata mzee mmoja fundi wa malori kule Ng'ambo ana ile pampu ya kupima presha ya rejeta, inayofungwa pale pa mfuniko ina geji juu yake. Nimefika nikamwamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, leta tuione," na kwa kweli nimefurahi kwa jinsi alivyosikiliza kwanza kabla hajashika spana. Nimemsomea vipimo vyangu vyote akaniambia hivi ndivyo gari inavyoletwa kwa fundi.

Kaanza na mfuniko, kaufunga kwenye adapta yake, umeshikilia presha mpaka ukaachia pale ulipoandikwa. Kivalvu cha katikati kakivuta kwa kucha, kinarudi. Mfuniko mzima! Hapo swali la tenki kujaa likabaki na jibu moja, kuna mahali panavuta hewa. Ule mpira mwembamba wa tenki nao kaupuliza, hauna tundu.

Kapampu mpaka kufika kwenye 0.9, tukakaa. Ukitazama injini yote, wota pampu, mipira ya rejeta, mipira ya hita ya mbele, pakavu. Ila sindano inashuka, polepole sana, ile ya kwenda kunywa chai ukarudi ukakuta imeshuka robo. Mzee akasema kama haionekani juu basi iko chini au iko ndani, tuombe iwe chini.

Tukaingia chini ya gari na tochi. Mabomba ya hita ya nyuma ni ya chuma, yanashikiliwa na vibano, na ncha zake zinaungana na mpira kabla ya kupanda kwenye hita ya nyuma. Kwenye muungano mmoja, nyuma ya tope kavu la kifusi chekundu cha barabara zetu, klipu imeliwa na kutu na bomba lenyewe chini ya mpira limechimbika vishimo vishimo. Kwa nje kuna unga mkavu mweupe umechanganyika na wekundu uliopauka. Huo unga ndo kulanti, yaani yale maji ya rangi ya kupoozea injini, iliyokauka. Tone halikuwahi kuonekana chini ya gari hata siku moja nyumbani, maana panavuja tu injini ikiwa na moto na presha, na kwa sababu bomba lina moto linakausha palepale. Injini ikipoa, mvuto unapita kwenye vishimo hivyohivyo, hewa inaingia, tenki la akiba linabaki limejaa.

Nimekaa chini pale nikaangalia hicho kishimo kwa muda. Furaha ya kuona kitu ulichokipigia hesabu kwa siku nyingi kiko mbele ya tochi yako, anayetengeneza vitu anaijua.

Mzee hakutaka tuishie hapo. Alisema kishimo tumekiona, ila hatujajua kama injini ilishaumia wakati inatembea na upungufu, na ni kweli. Kwahiyo siku hiyohiyo tukaangalia dalili za gasketi ya hedi: oili haina rangi ya maziwa, moshi mweupe hakuna, injini ikiwashwa ya baridi mpira wa juu wa rejeta haukakamai ndani ya sekunde chache (ukikakamaa hivyo, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji). Ile dawa ya bluu ya kupimia gesi juu ya rejeta hapa mjini sijaipata, nimeagiza Dar inakuja na basi.

Jumatano

Dawa imefika. Unaweka kwenye kile kichupa chake, unakishikilia juu ya shingo ya rejeta injini inanguruma, unaminya kipira hewa ya juu ya maji ipite ndani ya dawa. Kwa injini ya petroli ikigeuka njano kuna gesi ya moto kwenye maji na gasketi imekwenda. Hakikisha kulanti haiingii kwenye dawa maana inaharibu kipimo, punguza maji kidogo shingoni kwanza.

Imebaki bluu. Tumerudia injini ikiwa na moto kamili na mdogo wangu anakanyaga mafuta, bluu. Nilishusha pumzi, maana kama ingekuwa njano hii shajara ingekuwa ya kitu kingine kabisa na mfuko usingetosha.

Ijumaa na Jumamosi, kazi yenyewe

Tumemwaga maji yote. Rangi ni ya chai ya rangi, maji ya bomba yameongezwaongezwa humo miaka, hata siku hizi tunavyopata maji ya Ziwa Victoria mjini bado ni maji ya kunywa, sio ya injini, yana madini na yanaacha magamba. Tulichokimwaga nimekipima kwenye dumu ili nijue cha kurudisha.

Kila mtu aliyepita alisema hita ya nyuma tuikate, tuunganishe bomba la kwenda na la kurudi pale kabla ya kishimo, dakika kumi kazi imekwisha. Nimekataa kwa ajili ya mama. Tumekata ncha iliyooza mpaka kwenye chuma kizima, tukaisugua kwa msasa mpaka iwe laini, tukaweka mpira mpya mrefu kidogo kufidia. Mpira uwe wa hita, wenye nyuzi ndani, unaostahimili moto na kulanti, huu wangu ni wa milimita 16. Kuna watu wanafunga mpira wa kumwagilia bustani au wa mafuta, unalainika na kuchomoka ukiwa porini katikati ya Ipole na Rungwa ambako hakuna hata kibanda cha soda. Klipu nimetafuta zile za springi za Toyota, sio za kukaza kwa bisibisi, kwa sababu mpira ukipata moto na kupoa unatanuka na kusinyaa na ile ya springi inaufuata. Bomba la pili, la upande wa pili, lilikuwa linaanza kutu nalo, tumelifanyia vilevile siku hiyohiyo maana tayari tuko chini. Yote tumeyapaka rangi ya kuzuia kutu.

Kisha rejeta ndogo ya hita ya mbele. Tumechomoa mipira yake miwili, tukafunga mpira wa maji kwenye upande wa KURUDI ili maji yapite kinyume na kawaida yake, presha ndogo, usifungue bomba lote maana unaweza kuipasua. Mwanzo yalitoka maji ya kutu na vichembe kama mchanga, tukageuza, tukarudia huku na huku mpaka yakatoka meupe. Ya nyuma ilikuwa na uchafu zaidi, inaelekea wengi walioimiliki hii gari hawakuwahi kuiwasha.

Kujaza ndo sehemu ambayo Noah inawashinda watu, injini iko katikati, rejeta mbele, hita ya nyuma iko mbali, kila kona ina pa kunasa hewa. Tumefanya hivi: gari pua juu, tumeipandisha kwenye kilima kidogo na magogo mawili chini ya tairi za mbele ili shingo ya rejeta iwe juu ya kila kitu, breki ya mkono na mawe nyuma ya tairi. Tumekata chupa ya maji tukaibana shingoni kwa mpira wa tyubu ikawa faneli ndefu, maji yanakaa juu ya kiwango cha rejeta. Hita zote mbili kwenye moto mwisho. Kulanti nyekundu ya kuchanganya, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, haya yanauzwa kwenye maduka ya spea kama maji ya betri. Soma chupa vizuri! Kuna maji ya betri na kuna tindikali ya betri na chupa zinafanana, mwulize muuzaji mara mbili.

Tumemimina taratibu, tukaminyaminya mipira yote kwa mkono, mapovu yakawa yanatoka. Kabla ya kuwasha ilikuwa imepokea pungufu ya tulichomwaga kwa zaidi ya lita moja, na hiyo iliyobaki ni hewa ambayo bado iko ndani. Tukawasha, ikanguruma, thamostati ikafunguka, mapovu makubwa yakapanda na kiwango kikashuka ghafla, tukaongeza. Tukakanyaga mpaka 2,500 na kuachia, mara kadhaa, mpaka feni ikawaka yenyewe na kuzima na mapovu yakakoma. Hapo dumu likawa limekwisha kwa kiasi kilekile kilichotoka. Mfuniko ukafungwa, ikalala mpaka asubuhi.

Jumapili

Injini baridi, nimefungua rejeta, maji yako shingoni. Tenki la akiba LIMESHUKA kidogo chini ya alama ya juu, limenyonywa, na sijawahi kufurahia kitu kushuka kama leo. Nimeongeza hapo.

Vipimo, inanguruma imesimama, hita wazi: mpira wa kupeleka 84, wa kurudisha 69. Nikikanyaga, 85 na 74. Ile tofauti kubwa ya kusimama imeondoka, kwahiyo wota pampu naiondoa kwenye washukiwa, ingekuwa imekula mapanga isingesukuma hivi kwenye mzunguko mdogo. Mzee kafunga pampu yake ya presha tena, sindano imekaa pale ilipo, tumekunywa chai na kurudi, haijasogea.

Nimeipeleka mpaka Sikonge na kurudi, kilomita sabini hivi kwenda, hita imewashwa njia nzima na jua lile, madirisha wazi, jasho linanitoka. Haikukata. Nimeweka mkono kwenye tundu la hewa kila nilipokumbuka. Hita ya nyuma nayo inapiga moto kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona tangu niinunue.

Baada ya Mbeya

Tumekwenda na kurudi. Kwenye milima ya Chunya asubuhi mapema kulikuwa na ukungu, gari imejaa watu na ndoo za asali za kumpelekea mama mdogo, gia ya pili muda mrefu, na hita haikugeuka baridi. Mama alivua shuka la pili akaniambia, "Mwanangu punguza, huku nyuma naiva." Nikapunguza.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka nimefungua rejeta, maji palepale. Chini ya gari nimepapasa ile miunganiko miwili kwa karatasi nyeupe, imerudi kavu, haina wekundu.

Kilichobaki kwenye orodha ni taimingi belti. Hii injini wota pampu inazungushwa na taimingi belti, na kwa sababu sijui aliyekuwa nayo kabla yangu aliibadilisha lini, nitabadilisha vyote viwili kwa mkupuo mmoja, belti, pampu, na roli ya kukazia, na mzee wa Ng'ambo ameshanipa namba za spea za kuagiza.